Kani na mwendo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa Kigoma

Majibu haya ni ya wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, pamoja na mzazi anayeulizwa swali la sayansi mikono ikiwa imejaa mawese. Kila jibu linajitegemea. Likigusa jambo lililoelezwa kwingine, namba ya swali imetajwa. Katika mahesabu yote tumechukua kwamba dunia huvuta kila kilo moja kwa nyutoni 10 (nyutoni ni kizio cha kani, swali la 3). Thamani iliyo karibu zaidi na ukweli ni 9.8, ila kumi inakubalika shuleni na inarahisisha hesabu.

## Mwanzo kabisa

1. Kani ni nini?

Kani ni msukumo au mvuto. Ukisukuma mlango au ukivuta kamba ya ndoo, umeweka kani. Kani inaweza kukiondoa kitu kilichotulia, kukisimamisha kinachokwenda, kuongeza au kupunguza mwendokasi wake, kukigeuza kielekee kwingine, au kukibadilisha umbo kama unavyofinyanga udongo.

Kani nyingine hugusa: mguu na mpira, upepo na tanga. Nyingine hazigusi kitu: sumaku huvuta msumari kabla hazijakutana, na dunia huvuta embe lililo juu ya mti. Kila kani ina ukubwa na uelekeo, ndiyo maana huchorwa kwa mshale. Mshale mrefu ni kani kubwa. Ukichora mstari bila kichwa cha mshale umesema nusu tu ya jibu, na alama utapewa nusu.

2. Kwani kani na nguvu si kitu kimoja?

Mtaani hakuna tofauti. Neno "nguvu" tunalibebesha kila kitu: mtu mwenye nguvu, nguvu ya dawa, chai yenye nguvu. Kwenye sayansi kila neno lina kazi yake. Kani ni msukumo au mvuto. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Na kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwa kufuata kani hiyo.

Mtu akisukuma ukuta wa stesheni tangu asubuhi hadi adhuhuri, ameweka kani muda wote huo, ametoka jasho, amechoka. Kisayansi hajaufanyia ukuta kazi yoyote, maana haujasogea hata milimita. Wanafunzi hucheka wakisikia hivyo, lakini hesabu ndiyo hiyo: kani yoyote ukiizidisha kwa sifuri unapata sifuri.

3. Nyutoni 1 ni kubwa kiasi gani?

Mimina mililita 100 za maji kwenye kikombe chepesi, ukishike kiganjani. Mkandamizo unaousikia ni karibu nyutoni 1. Kwa maelezo kamili, nyutoni 1 ni kani inayoweza kukiongezea kitu cha kilo 1 mwendokasi wa mita 1 kwa sekunde, ndani ya kila sekunde inayopita. Jina limetokana na Isaac Newton, aliyechapisha kanuni tatu za mwendo mwaka 1687.

4. Shule yetu haina mizani ya springi. Nitapimaje kani?

Itengeneze mwenyewe. Tafuta rababendi mbili nyembamba kama zile za kufungia noti dukani, ubao wa nusu mita, msumari mmoja, waya laini, chupa ya maji ya nusu lita na bomba la sindano lisilo na sindano.

Unganisha rababendi ziwe mnyororo, zitundike kwenye msumari uliogongwa karibu na ncha ya juu ya ubao, kisha simamisha ubao wima. Kunja waya uwe ndoano chini ya rababendi, na uache ncha moja itokeze pembeni iwe mshale. Mahali mshale ulipo sasa, andika 0. Chupa tupu ya aina hiyo huwa na gramu kama 20, kwa hiyo mara ya kwanza mimina mililita 80 tu ili jumla iwe gramu 100. Itundike, subiri itulie, andika 1. Baada ya hapo ongeza mililita 100 kila mara hadi ufike 5.

Yapo makosa matatu yanayoharibu kipimo. La kwanza ni kuweka alama ya 0 na ya 5 halafu kugawanya katikati kwa rula: mpira hauvutiki kwa hatua zilizo sawa kama springi, hivyo kila alama iwekwe kwa maji yake. La pili ni kuacha chupa ikining'inia wakati wa mapumziko, maana mpira hulegea na 0 huhama. La tatu ni kutumia rababendi iliyokaa juani. Itakatika ukiwa kwenye 3, na maji yatamwagika kwenye daftari.

## Mwendo

5. Nikiwa kwenye treni naona miti inarudi nyuma. Nani hasa anakwenda?

Inategemea unalinganisha na nini. Ukilinganisha na reli, unakwenda. Ukilinganisha na kiti chako, umetulia. Ukilinganisha na wewe, mti unarudi nyuma kweli, wala macho hayajakudanganya. Mwendo ni kubadili mahali ukilinganisha na kitu fulani. Kitu hicho kisipotajwa, kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni ardhi.

6. Mwendokasi unahesabiwaje?

Gawanya umbali kwa muda. Gombe iko kilometa 16 hivi kaskazini ya mji wa Kigoma. Boti ikitumia saa 2, mwendokasi wake wa wastani ni kilometa 8 kwa saa. Tunasema wastani kwa sababu njiani huenda ilipunguza mwendo, ikashusha abiria, ikaongeza tena.

Kosa linalojirudia ni la vizio. Ukitaka mita kwa sekunde, gawanya kilometa kwa saa kwa 3.6. Boti yetu basi inakwenda kama mita 2.2 kwa sekunde, yaani mtu anayekimbia taratibu ufukweni anaweza kuongozana nayo.

7. Na mchapuko?

Ni kiasi cha mabadiliko ya mwendokasi, au ya uelekeo wake, katika kila sekunde. Pikipiki ikitoka 0 hadi mita 10 kwa sekunde ndani ya sekunde 5, mchapuko wake ni mita 2 kwa sekunde, kila sekunde. Kupunguza mwendo nako ni mchapuko, ila uelekeo wake ni wa kinyume. Kukata kona pia ni mchapuko, hata kama kishale cha spidi hakijatikisika, kwa sababu uelekeo umebadilika.

Kani ikikua, mchapuko unakua. Tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu (swali la 14), likikua, mchapuko unapungua. Kwa hesabu: kani = tungamo × mchapuko.

8. Kitu kikiwa kinakwenda, si lazima kuna kani inayokisukuma mbele?

Hapana. Ukielewa jibu hili moja, nusu ya maswali ya ukurasa huu umeshayamaliza.

Simama ufukweni Kibirizi uangalie mtumbwi wa injini ukiingia. Nahodha anakata injini ukiwa bado mita kadhaa kutoka mchangani. Injini kimya, hakuna kasia lililogusa maji, na bado mtumbwi unakuja, tena wenye mzigo mzito huja kwa ubishi kuliko mtupu. Kitu gani kinausukuma mbele? Hakuna. Una mwendo tayari, na mwendo hauishi wenyewe kama petroli. Kinachoupunguza ni maji yanayokinzana na mbao zake. Hiyo ndiyo kani pekee ya mlalo iliyopo pale, na inaelekea nyuma.

Kazi ya kani ni kubadilisha mwendo. Maji yasingekuwa na ukinzani wowote, mtumbwi uliosukumwa mara moja kuelekea magharibi ungefika Kongo bila tone la mafuta. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya Newton: kitu hubaki kimetulia, au huendelea kwa mwendokasi uleule kwenye mstari ulionyooka, mpaka kani isiyo na ya kuisawazisha ikiguse.

9. Mbona basi nikiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama?

Kwa sababu kuna kani zinazoirudisha nyuma: upepo unaokupiga kifuani, matairi yanayobonyea na msuguano kwenye beringi. Unapopiga pedali kwenye barabara tambarare kwa mwendo usiobadilika, unazisawazisha hizo tu. Kani ya mbele na ya nyuma ziko sawa, jumla yake ni sifuri, na mwendokasi haubadiliki. Jaza upepo matairi, paka beringi grisi, kisha uiachie tena mahali palepale bila kukanyaga: itafika mbali zaidi kabla ya kusimama.

10. Kwa nini abiria huinama mbele dereva akipiga breki?

Hakuna aliyewasukuma. Breki zimelishika gari, miili ya abiria haijashikwa na kitu, basi inaendelea na mwendo iliokuwa nao (swali la 8). Mkanda ndio unaoleta kani ya kuisimamisha. Pasipo mkanda, kani hiyo italetwa na kiti cha mbele au kioo.

Treni ni mfano uleule kwa ukubwa mwingine. Ina tungamo kubwa mno, na magurudumu yake ya chuma juu ya reli ya chuma hayashiki kama tairi kwenye lami. Dereva akikuona kwenye njia hawezi kusimama hapohapo, hata apige breki zote alizonazo.

## Msuguano

11. Msuguano ni adui au rafiki?

Ni kani inayopinga vitu viwili kuteleza kimoja juu ya kingine. Bila huo usingeweza kutembea, kushika kalamu, wala kufunga fundo la wavu. Mvua zikianza, mtu anayepanda kutoka stesheni kwenda Mwanga kupitia vichochoro vya udongo anajua thamani yake. Kwenye ekseli ya mkokoteni, huohuo unakula jasho lako bure. Kwa hiyo tunauongeza penye nyayo na breki, na kuupunguza kwa grisi, beringi na magurudumu.

12. Kuna jaribio rahisi la kuuonyesha?

Weka mfuko wa sukari wa kilo 1 juu ya kaunta buku, uufunge kwa kamba pamoja na buku, kisha uuvute juu ya meza kwa mizani ya swali la 4. Vuta polepole na usome mara mbili: kabla halijaondoka, na likiwa linateleza. Mara nyingi namba ya kwanza huwa kubwa kuliko ya pili. Si kwamba umekosea. Kuanzisha mtelezo ni kugumu kuliko kuuendeleza.

Sasa panga penseli sita za mviringo chini ya buku, vuta tena. Namba itaporomoka, kwa sababu penseli zinabingirika. Penseli zenye pembe sita huruka-ruka na kukusomesha vibaya. Usivute kamba ikiwa imeelekea juu pia, maana hapo unaubeba mzigo kidogo na msuguano unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

13. Pikipiki ikikimbia mara mbili zaidi, itahitaji umbali mara mbili kusimama?

Mara nne. Ikiwa kwa kilometa 30 kwa saa breki zinahitaji mita 7, kwa 60 zitahitaji mita 28, barabara ikiwa ileile. Hapo bado hatujahesabu mita zilizopita kabla dereva hajagusa breki. Kwenye tope, ambako tairi halishiki, umbali unaongezeka tena.

## Mvuto, uzito na kuelea

14. Dukani wanasema uzito ni kilo. Mwalimu anasema nyutoni. Nani yuko sahihi?

Muuzaji anapima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye unga, na kizio chake ni kilo. Uzito ni kani ambayo dunia inauvuta nayo unga huo, na kizio chake ni nyutoni. Kilo 2 za unga zina uzito wa nyutoni 20. Mtoto wa kilo 30 ana uzito wa nyutoni 300 hapa. Mwezini angekuwa na kama nyutoni 50, lakini tungamo lake lingebaki kilo 30.

Mizani ya sahani mbili na mawe ingetoa jibu lilelile hata mwezini, kwa sababu pande zote mbili zinavutwa pungufu kwa kiasi kilekile. Ya springi ingepotosha.

15. Kizito hudondoka haraka kuliko chepesi?

Ukiangusha jiwe na jani, jiwe linatangulia, na ni kwa sababu ya hewa. Fanya hivi: angusha karatasi mbili zilizotoka daftari moja, moja ikiwa imetandazwa na nyingine imefinyangwa kuwa mpira. Uzito ni uleule, ila iliyofinyangwa inawahi. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, ambako hakuna hewa, vikafika pamoja.

Sababu yake ni kwamba kizito kinavutwa zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kukibadilishia mwendo (swali la 7). Mambo hayo mawili yanafutana.

16. Mkungu wa chikichi ukianguka kutoka mita 10, unafika chini kwa kasi gani?

Ukiacha ukinzani wa hewa, baada ya sekunde 1 umeshuka mita 5, na mita 10 huchukua kama sekunde 1.4. Kwa kuwa kila sekunde inaongeza mita 10 kwa sekunde, unagonga ardhi kwa mita 14 kwa sekunde, sawa na kilometa 50 kwa saa. Usisimame chini ya mchikichi unaokatwa.

17. Msumari unazama. Meli ya chuma inaeleaje?

Maji husukuma juu kila kilichomo ndani yake. Msukumo huo huitwa kani eleo, na ukubwa wake ni sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Msumari ni mdogo, unasukuma kando maji machache kuliko uzito wake. Meli ina umbo la bakuli, inachukua nafasi kubwa, hivyo inasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake kabla haijazama.

Ushahidi tunao bandarini petu. MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha makusudi karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ikainuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Meli ni ileile na chuma ni kilekile. Maji yakiwa ndani inakaa chini. Yakitolewa na hewa ikarudi, inaelea.

Kwa mtumbwi hesabu ni nyepesi: kila kilo 100 za dagaa unazopakia zinaulazimisha kusukuma kando lita 100 zaidi, kwa hiyo unashuka. Ukingo ukikaribia maji, wimbi dogo tu linatosha.

18. Mbona mawese hukaa juu ya maji hata yakiwa mengi?

Wingi hauna maana hapa. Lita 1 ya mawese ina karibu kilo 0.9, lita 1 ya maji ina kilo 1. Anayechemsha na kuengua mafuta juu ya sufuria anatumia tofauti hiyo ya gramu mia.

## Mashine rahisi

19. Kwa nini pipa hupandishwa kwenye lori kwa ubao?

Pipa la lita 200 lenye mawese lina kama kilo 200, yaani nyutoni 2,000. Kulinyanyua wima hadi mita 1.2 kunataka nyutoni zote 2,000. Kulibingirisha juu ya ubao wa mita 4.8 kunataka nyutoni 500, ukiacha msuguano. Kazi (kani mara umbali, swali la 2; kizio chake ni jouli) ni jouli 2,400 kwa njia zote mbili. Umelipa kani ndogo kwa safari ndefu. Ubao mfupi ni mteremko mkali, na hapo pipa hurudi na vidole vya watu.

20. Roda ya kisimani inapunguza uzito wa ndoo?

Roda moja iliyofungwa juu haipunguzi chochote. Ndoo ya lita 20 bado inataka nyutoni 200 na zaidi kidogo za msuguano. Faida ni uelekeo: unavuta kwenda chini na mwili wako unasaidia. Ukitaka nusu, roda ipande pamoja na ndoo, na utavuta kamba mara mbili ya kina.

21. Mashine ya mkono ya kukamua mawese inapataje kani kubwa hivyo?

Skrubu ni mteremko uliozungushwa kwenye nondo. Mkono wa kuzungushia ukiwa na mita 1, mzunguko mmoja ni safari ya mita 6.28. Sahani ikishuka sentimeta 1 tu kwa mzunguko huo, kani kinadharia imezidishwa mara 628. Kwa vitendo ni chini ya hapo sana, maana meno ya skrubu yanasuguana kwa nguvu. Ndiyo sababu hupakwa grisi, na mkono mfupi hufanya wanaozunguka waitukane mashine.

22. Nyenzo ziko aina ngapi?

Tatu. Nyenzo ni nondo au mti unaogeukia mahali pamoja paitwapo egemeo, ukitumia jitihada (kani yako) kusogeza mzigo. Kinachozitofautisha ni kipi kati ya hivyo vitatu kiko katikati. Egemeo katikati: mtarimbo wa kung'olea jiwe, mkasi. Mzigo katikati: toroli, ambapo gurudumu ndilo egemeo. Jitihada katikati: kasia, mkono wa juu ukiwa egemeo, wa chini ukivuta, maji yakiwa mzigo. Aina hii ya tatu haipunguzi kani. Inakuongezea umbali na kasi kwenye ncha.

## Maswali yanayoleta ubishi

23. Kama kila kani ina ya kuijibu iliyo sawa na ya kinyume, mkokoteni unasogeaje?

Kani hizo mbili haziko kwenye kitu kimoja. Wewe unauvuta mkokoteni mbele, mkokoteni unakuvuta wewe nyuma. Kujua kama mkokoteni utasogea, hesabu zilizo juu ya mkokoteni peke yake: mvuto wako dhidi ya msuguano wa magurudumu. Kujua kama wewe utasogea, hesabu zilizo juu yako: ardhi inayokusukuma mbele kwenye nyayo, dhidi ya mkokoteni unaokurudisha. Uliza kwanza "kani hii iko juu ya nani?" kabla ya kuanza kubishana.

24. Kwa nini mtumbwi hukimbia nyuma nikiruka kushuka?

Ili uende mbele lazima uusukume nyuma. Mtupu ni mwepesi, unaondoka haraka na wewe unaangukia majini. Mwenzako aushike, au ufungwe kamba kwanza.

25. Nikizungusha jiwe kwa kamba na kamba ikakatika, jiwe litaruka nje ya duara?

Halirushwi kutoka katikati kwenda nje. Litaendelea kwa mstari ulionyooka kufuata uelekeo liliokuwa nao wakati kamba inakatika, kama mstari unaogusa ukingo wa sahani. Kamba ndiyo iliyokuwa ikiligeuza kila wakati. Jaribu kwa soksi yenye mchanga, uwanjani, si karibu na madirisha ya darasa.

26. Kitu kilichotulia hakina kani yoyote?

Kinazo, ila zimesawazika. Kitabu mezani kinavutwa chini na dunia, na meza inakisukuma juu kwa kiasi kilekile. Huamini kama meza inasukuma? Weka kitabu hicho juu ya kipande cha godoro utazame kinavyobonyea, halafu juu ya ubao mwembamba uliolazwa kati ya matofali mawili. Ubao nao unapinda kidogo. Meza inafanya vivyo hivyo, kwa kiasi ambacho jicho halikioni.